Adabu ya Nyumbani na Adabu ya Darasani: Malezi na Mafundisho ya Watoto Wadogo katika Historia ya Ufipa

Makala haya yana shabaha moja. Yanataka kueleza, kwa njia ya historia, jinsi malezi ya nyumbani katika Ufipa yalivyokutana na mafundisho ya shule tangu siku za misheni za kwanza mpaka wakati wetu, na kuuliza kwa nini mtoto wa darasa la kwanza ambaye nyumbani husifiwa kuwa ana adabu aghalabu huonekana darasani kuwa mkaidi, bubu au mtoro. Swali hili si dogo. Jibu la mwalimu, hata kama hakulitamka, ndilo liamualo kama mtoto huyo atafundishwa au ataadhibiwa.

Nchi na watu

Ufipa ni nchi ya juu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi iliyo wazi, yenye majani mengi na miti michache, na baridi yake humshangaza mgeni atokaye pwani. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga, ambao tangu mwaka 1974 umekuwa makao ya Mkoa wa Rukwa. Wenyeji hulifasiri jina hilo kuwa ni agizo la kuutupa uchawi. Lugha ya wenyeji ni Kifipa, ambacho Malcolm Guthrie alikiweka katika kundi la M, karibu na Kimambwe na Kirungu, wala si mbali sana na Kibemba cha Zambia.

Zamani nchi hii ilikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa. Na nyuma yao ulisimama utemi wa kale wa Milansi, uliobaki na heshima ya mambo ya ibada. Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa wakulima hodari na watu wa amani. Roy Willis, aliyekaa Ufipa miaka ya 1962 hadi 1964 na kuandika juu ya nchi hiyo vitabu kadhaa, alirudi kwenye jambo hilo mwaka 1989 katika insha aliyoiita fumbo la amani la Ufipa. Aliuliza jinsi jamii ambayo ilipata kuwa na vita vyake yenyewe ilivyogeuka kuwa jamii inayochukia ugomvi na kuthamini mazungumzo. Inafaa tulishike jambo hili, maana mtoto wa Ufipa alilelewa katika nyumba ambamo ulimi na sikio vilikuwa na daraja kubwa.

Malezi kabla ya shule

Kathleen Smythe, aliyechunguza jamaa za Nkansi katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameeleza kwamba mtoto wa Kifipa hakulelewa na baba na mama peke yao. Alipoachishwa ziwa, kwa desturi alikwenda kukaa kwa bibi na babu yake. Alipokua kidogo alihamia katika nyumba ya kulala watoto iitwayo intuli, akawa huko pamoja na wenzake wa rika moja au wanaokaribiana kwa umri. Mchana alikwenda kwenye kazi na kula kwa wazee wake. Usiku alirudi kwa wenziwe.

Desturi za namna hii hazikuwa za Ufipa peke yake. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya Wanyakyusa, alieleza vijiji vizima vilivyojengwa na vijana wa rika moja. Walakini intuli ya Ufipa ilikuwa ya watoto wadogo zaidi, na kwa ajili hiyo yatuhusu sana. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka saba au minane alikwisha kujua kuishi katika kundi, kugawana kilichopo, kumsikiliza aliyemtangulia kwa umri, na kumwongoza aliyemfuata. Nidhamu ya kundi hakuipata shuleni, aliifikisha shuleni.

Kazi nayo ilikuwa mwalimu. Wafipa walilima ulezi na maharage kwa matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, ambayo ndani yake majani hufukiwa yaoze na kuirutubisha ardhi. Mtoto hakuhutubiwa juu ya ntumba. Alimwona mkubwa akikata majani, akapewa jembe dogo, akajenga tuta lake pembeni. Likiwa baya lilibomolewa na kujengwa tena mbele ya macho yake. Kadhalika kazi ya chuma, ambayo Ufipa ilisifika kwayo kwa tanuru zake ndefu ziitwazo malungu, ilikuwa ujuzi wenye miiko yake, na mwenye kujifunza alijifunza kwa kukaa karibu na fundi muda mrefu. Katika mafunzo ya namna hii kutazama kulitangulia kusema, na kimya cha mwanafunzi kilikuwa dalili kwamba anafuata.

Kwa mkubwa mtoto alisema kwa kipimo. Alishusha macho, alisalimu kwa unyenyekevu wa mwili na wa sauti, na, kama ilivyo katika Kibemba na lugha nyingine za ukanda huo, mtu mmoja mwenye heshima hutajwa kwa wingi, kana kwamba ni watu wengi. Mambo haya matatu, yaani kutazama kabla ya kutenda, kunyamaza mbele ya mkubwa, na kumtaja kwa wingi, ndiyo yaliyokuwa herufi za kwanza za adabu.

Misheni na shule za kwanza

Shule ililetwa Ufipa na Mapadri Weupe. Mwaka 1885 walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa mwaka 1879 na Chama cha Kimataifa cha Afrika chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa hasa watoto waliokombolewa katika utumwa, wa makabila mengi, wasio na jamaa karibu. Mmoja wa watu waliotumika huko alikuwa Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akakombolewa akiwa mtoto, akasomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ile tangu mwaka 1891 mpaka kifo chake mwaka 1917, alitoa mwaka 1913 kitabu juu ya nchi za kando ya Tanganyika ambacho hata leo ni chemchemi muhimu ya habari za mila za Wafipa.

Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba misheni haikujua desturi za watu. Smythe ameonyesha jambo la kufikirisha zaidi: mabweni ya misheni yalikubaliwa na wazazi wengi wa Ufipa kwa sababu hayakuwa kitu kigeni kabisa. Mtoto aliyekwisha kutoka kwa mama yake akaenda kwa bibi, na kutoka kwa bibi akaenda intuli, aliweza kutoka intuli akaenda kwa padri bila mzazi kuona kwamba amempoteza. Hapo desturi na shule zilikutana mlangoni, ijapokuwa hazikuambiana majina.

Ndani ya darasa mambo yalikuwa mengine. Katekista, aliyefundisha dini na herufi katika shule ndogo za vijijini, alifundisha kwa kukaririsha. Watoto waliitika pamoja, na kuitika pamoja kulikuwa karibu na desturi zao za nyimbo na hadithi. Lakini mtoto alipoitwa peke yake, asimame, amtazame mwalimu usoni na kujibu kwa sauti kubwa mbele ya wenzake, alitakiwa kutenda mambo matatu ambayo nyumbani yangalihesabiwa kuwa ukosefu wa adabu. Akisita, alipata jina. Majina hayo yanastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha.

Tulichukue neno mtoro. Katika pwani ya karne ya kumi na tisa mtoro alikuwa kwanza mtumwa aliyemkimbia bwana wake; watoro walijenga vijiji vyao mbali na mashamba, na neno lilikuwa na harufu ya mnyororo. Neno hilo hilo liliingia shuleni kumtaja mtoto asiyefika darasani. Ni ajabu ya historia kwamba katika nchi ambayo wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa watoto waliokombolewa, jina la mtumwa aliyekimbia likawa jina la mtoto aliyebaki shambani kuamia ndege wasile ulezi. Mtoto huyo hakukimbia, alitumwa. Lakini daftari la mahudhurio halina safu ya kuandika tofauti hiyo.

Neno kiboko nalo lina safari yake. Ni jina la mnyama, likawa jina la mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake, na katika enzi ya Wadachi likawa alama ya boma lenyewe, hata watu wakaihesabu adhabu kwa maneno hamsa wa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kutoka boma neno liliingia shuleni, ambako leo viboko huhesabiwa hata kama kinachotumika ni fimbo ya mti. Haidaiwi hapa kwamba mzazi wa Kifipa hakumpiga mtoto kamwe. Madai hayo yangekuwa ndoto. Linalodaiwa ni kwamba kuhesabu mapigo, kuyatoa hadharani, na kuyatoa kwa sababu ya kutojua, ni mambo yaliyofuata njia ya utawala kuliko njia ya malezi.

Mpango wa kulinganisha elimu na mila

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, lilizuka wazo kwamba elimu ya Mwafrika ilinganishwe na maisha yake. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizunguka Afrika ya Mashariki. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa siasa ya elimu uliosisitiza kwamba mafundisho yafuate akili, kazi na mapokeo ya watu wenyewe, yakihifadhi yaliyo mema. Mwaka huo huo mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali masharti ya Serikali.

Jaribio mashuhuri la siasa hiyo lilifanyika katika nyanda za juu za kusini, huko Malangali katika Iringa. Tangu mwaka 1928 W. Bryant Mumford aliiendesha shule hiyo kwa kufuata maisha ya makabila: wavulana walivaa nguo za kienyeji, wazee waliitwa kufundisha habari za kale, na ngoma, mifugo na kurusha mikuki vilikuwa sehemu ya masomo. Mumford alieleza jaribio lake katika jarida la *Africa* mwaka 1930. Kaskazini, Bruno Gutmann alikwisha kuwa mtetezi mkubwa wa kujenga kanisa na malezi juu ya mafungamano ya kale ya Wachaga. Na Otto Raum, katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya utoto wa Wachaga, alionyesha kwa ushahidi mwingi kwamba malezi ya kienyeji yalikuwa elimu kamili, yenye makusudi, hatua na njia zake.

Kazi hizo zina thamani. Lakini yatupasa kuuliza kwa nini Malangali haikuzaa Malangali nyingine. Sababu ya kwanza ni kwamba wengi waliosomeshwa waliona ndani ya siasa ile mkono wa kuwazuia. Mzazi aliyemtoa mtoto shambani hakumtoa ili arudishwe shambani kwa jina la mila, huku mtoto wa Mzungu na wa Mhindi akisomea kazi za ofisi. Ya pili ni kwamba mila zilichaguliwa na mtu mwingine, zikachukuliwa zile zionekanazo kwa macho, yaani mavazi, mikuki na ngoma. Ya tatu, ambayo ni kubwa kwa shabaha ya makala haya, ni kwamba mpango ule uliwahusu wavulana waliokwisha kukua. Mtoto wa mwaka wa kwanza, yule ambaye bado hajui kama mwalimu ni mzazi, mgeni au askari, hakufikiriwa. Kuvaa kaniki si kitu kama mtoto bado hajui atamjibuje mwalimu.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Katika andiko lake Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alikuwa mwalimu kwa kazi kabla ya kuwa kiongozi, alikumbusha kwamba Afrika ya kale haikukosa elimu kwa kukosa majengo ya shule, maana watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Sheria ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni zilizosaidiwa chini ya Serikali, jambo lililoigusa sana Ufipa, ambako Kanisa Katoliki lilikuwa limeshika sehemu kubwa ya elimu, na ambako tangu mwaka 1958 askofu alikuwa Mwafrika, Charles Msakila. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, iliyolengwa kufikiwa mwaka 1977.

Faida ya Kiswahili haina haja ya kutetewa hapa. Bila yake watoto wa makabila zaidi ya mia wasingaliweza kuitana ndugu. Lakini lugha ilipounganisha taifa, ilifunika pia jambo moja. Kwa kuwa mwalimu na mtoto wote walisema Kiswahili, ilidhaniwa kwamba walikuwa na adabu moja. Kumbe mwalimu angeweza kutoka Kagera au Kilimanjaro, na mtoto angeweza kukisikia Kiswahili kwa wingi kwa mara ya kwanza siku ya kuandikishwa. Maelfu ya walimu waliofundishwa upesi katika miaka ya 1970, wengi wao wakiwa wamemaliza shule ya msingi tu, walifanya kazi ya kusifiwa katika madarasa yaliyojaa. Lakini katika darasa lililojaa utaratibu wa kwanza kutafutwa ni ukimya, na chombo cha kwanza kushikwa ni fimbo. Hali ya kujaa ilirudi tena elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Kisukuma wamehamia bonde la Rukwa, na madarasa mengi sasa yana watoto wa lugha mbili au tatu za nyumbani kabla ya Kiswahili.

Kimya, swali na heshima

Sasa tutazame kwa karibu mambo matatu ambayo darasani huitwa makosa ya tabia.

La kwanza ni kimya. Mwalimu huuliza, mtoto hutazama chini. Susan Philips, aliyechunguza shule za watoto wa Kihindi Wekundu wa Warm Springs katika Oregon, Marekani, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1972 na 1983 kwamba watoto walionyamaza walipoitwa mmoja mmoja walisema vizuri walipofanya kazi katika vikundi vidogo vilivyojiongoza. Kilichobadilika ni mpango wa mazungumzo. Watoto walikuwa wale wale. Msomaji anayekumbuka intuli hatashangaa. Mtoto aliyelelewa katika kundi la rika yamkini atafungua kinywa kwanza katika kundi la rika.

La pili ni swali lenyewe. Shirley Brice Heath, katika uchunguzi wake wa mwaka 1983 huko Carolina, alionyesha kwamba swali ambalo mwulizaji anajua jibu lake ni desturi ya shule na ya baadhi ya nyumba, wala si ya nyumba zote. Je, swali la namna hiyo ni geni kwa mtoto wa Tanzania? Hapa tunadhani jibu ni hapana, na kwamba ushahidi uko katika lugha yetu. Kitendawili ni swali ambalo mwenye kulitega anajua jibu. Lakini kina masharti. Kwanza hutangazwa: mtegaji husema kitendawili, na wasikilizaji huitika tega, hivyo hakuna ashitukizwaye. Pili huulizwa kundi lote, ajibu aliye tayari. Tatu, na hili ndilo la maana zaidi, asiyejua ana mlango wa heshima wa kutokea: humpa mtegaji mji, naye huupokea, hueleza safari yake, kisha hutoa jibu. Kutojua hununuliwa kwa mji wa maneno, na kundi zima hujifunza pasipo mtu kuaibika.

Swali la darasani limekiacha kitendawili katika masharti yote matatu. Halitangazwi, humwelekea mmoja, na asiyejua hana mji wa kutoa ila kiganja chake. Basi mtoto hasumbuliwi na akili wala na ukaidi. Ameingizwa katika mchezo anaoujua, lakini kanuni zake zimeondolewa.

La tatu ni namna ya kumtaja mkubwa. Kiswahili sanifu humtaja mtu mmoja kwa umoja, awe mwalimu au mtoto. Mtoto aliyezoea kumheshimu mkubwa kwa wingi akisema "mwalimu wamekuja", husahihishwa, na pengine huchekwa. Kwa sarufi ya Kiswahili amekosea. Kwa sarufi ya heshima amefanya juhudi kubwa kuliko mwenzake aliyesema "mwalimu amekuja". Mwalimu ajuaye jambo hili atamsahihisha vilevile, lakini atamsahihisha baada ya kumpokea. Naye asiyejua atamfundisha mtoto, bila kukusudia, kwamba katika lugha ya shule heshima haina alama, kisha baadaye atashangaa kwa nini mtoto huyo ameacha heshima.

Lugha yetu inazo njia za kupambanua tabia za watoto. Mtundu si mtukutu, wala mtukutu si mkaidi. Utundu hubeba hata sifa, kwa maana twasema mtu ana utundu wa kazi pale ambapo mikono yake hubuni. Mtukutu hatulii, mkaidi husikia akakataa, mpole hunyamaza kwa tabia, mwenye haya hunyamaza kwa adabu. Lakini katika taarifa za shule tofauti hizi humezwa na maneno mawili tu, nidhamu nzuri na nidhamu mbaya. Umaskini huo wa maneno una gharama, kwa kuwa mwalimu asiye na neno la kutofautisha haya na ukaidi hana njia ya kutofautisha dawa zake.

Fimbo na sheria

Sheria ya nchi haikuiacha fimbo huru. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu mpaka viboko sita. Kanuni za mwaka 2002 zikapunguza mpaka vinne, zikaagiza kwamba adhabu hiyo itolewe kwa kosa kubwa, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye, na kwamba iandikwe katika daftari. Msomaji apime mwenyewe. Kimya cha mtoto wa miaka saba si kosa kubwa. Kutojua jibu si kosa kabisa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mapigo madogo madogo ya madarasa ya chini, yale yasiyoandikwa popote, haina mila ya kuitetea wala haina sheria ya kuitetea. Mara nyingi husemwa kwamba fimbo ni desturi yetu. Historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba njia ya fimbo ya kuhesabiwa yapita bomani, na kwamba nchi ya Ufipa, zaidi ya nchi nyingi, ilisifiwa kwa kuthamini neno kuliko pigo.

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari na kosa la Malangali. Mwalimu asiambiwe kwamba kila mtoto wa Sumbawanga ni Mfipa wa kitabuni, anyamazaye na kushusha macho. Intuli nyingi zimetoweka. Watoto wa mjini huzungumza na wazazi wao kwa uhuru. Mtoto wa Kisukuma ana adabu yake nyingine. Na mzazi wa kijijini anataka mtoto wake asimame na kusema mbele ya watu, maana ajua kwamba dunia ya leo humsikiliza asemaye. Wataalamu wa Marekani walioipa jina siasa ya kufundisha kwa kufuata utamaduni wa mwanafunzi, kama Gloria Ladson-Billings katika maandishi yake ya mwaka 1995, hawakusema kwamba mtoto abaki alipo. Walisema afikishwe mbali bila kutakiwa kumwaga alichokuja nacho. Tofauti ya siasa hiyo na ile ya mwaka 1925 ni hii: ile ya kale ilizitumia mila kuamua mtoto aishie wapi, na hii huzitumia kujua aanzie wapi.

Hitimisho

Tumeona nyakati tatu ambazo shule ilikaribia kuzipokea desturi za malezi. Misheni ilizikuta katika bweni, lakini haikuziingiza darasani. Siasa ya Waingereza iliziingiza darasani kwa mavazi na mikuki, ikawasahau walio wadogo. Elimu ya Kujitegemea ilizitambua kwa maneno mazito kuliko zote, ikazipeleka katika shamba la shule. Na swali la mwalimu kwa mtoto wa darasa la kwanza likabaki kama katekista alivyoliacha.

Yanayoweza kufanywa ni madogo na hayahitaji fedha. Mwalimu aweza kulitangaza swali kabla ya kumtaja mtoto, kama kitendawili kinavyotangazwa. Aweza kuwapa watoto watatu au wanne swali moja walijadili, kisha mmoja aseme kwa niaba ya wote. Aweza kumpa asiyejua njia ya kusema sijui bila aibu, hata kwa kumwomba mji. Aweza kuuliza nyumbani kabla ya kuandika utoro katika msimu wa ulezi. Nasi tushughulikao na lugha tuna kazi yetu. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, umetuonyesha lugha ziko wapi. Bado zinahitajika orodha za maneno ya heshima, ya salamu, ya kukanya na ya kusifu ambayo mtoto wa kila lugha huyasikia kabla ya kufika shuleni, kwa Kifipa kwanza, ambacho wazee wake wajuao intuli hupungua kila mwaka. Orodha kama hiyo ikiwekwa mikononi mwa mwalimu mgeni aliyepangiwa Sumbawanga, itamfaa siku ya kwanza, pale atakapouliza swali na kuwaona watoto arobaini wakitazama sakafu. Atajua kwamba wamemsalimu.